"Nimezimwa": pikipiki ya mkopo, traka, na Jumapili mbili za Ndugu K.

Kabla ya kisa

Mhusika ni mwendesha boda wa Busia, upande wa Uganda. Jina lake, steji yake (kituo anachosubiria abiria), tarehe na kampuni iliyomkopesha tumeviondoa, na vijiji viwili tumevibadilisha. Tutamwita Ndugu K. Maandishi haya alisomewa kwa sauti kabla hayajatoka, akakata aya mbili. Hatukumuuliza kwa nini. Katika kisa cha mtu aliyeanikwa bila kuulizwa, hilo lilikuwa dogo tuwezalo kumfanyia.

Mimi ni mmoja wa wasaidizi wa kisheria wa kujitolea tunaokaa na watu wa steji jioni, kazi zikipungua. Si wakili. Makosa yetu yamo humu pamoja na ya kampuni.

Mazingira

Busia ni mji uliokatwa na mpaka. Neno boda lenyewe linasimuliwa kuwa lilizaliwa hapa, miaka ya 1960 na 1970, vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya huku wakinadi "boda boda", yaani mpaka hadi mpaka. Baiskeli zikawa pikipiki, pikipiki zikaenea nchi nzima na kuvuka bara.

Kununua pikipiki mpya taslimu ni jambo la wachache. Zamani ukitaka mkopo ulidaiwa hati ya shamba au ng'ombe, na kijana aliyepanga chumba kimoja mtaa wa Sofia, hapa Busia, hana hati wala ng'ombe. Ndipo zikaja kampuni zinazokopesha pikipiki yenyewe: unaweka kianzio, unalipa kila wiki kwa pesa za simu, na logibuku, yaani kadi ya umiliki, inabaki kwao hadi shilingi ya mwisho. Kinachowapa ujasiri wa kumkopesha asiye na kitu ni traka, kijisanduku kinachofichwa chini ya tangi au nyuma ya taa. Ndani yake mna laini ya simu, kipokezi cha setilaiti na swichi iliyoungwa kwenye waya wa kuwashia. Mtu aliye ofisini Kampala anaweza kuona pikipiki ilipo, na akibonyeza kitufe haiwaki tena.

Naomba msomaji asiwe na haraka ya kukichukia kijisanduku hicho. Pikipiki ikiibwa Busia, ndani ya dakika chache imeshapita njia za panya, na jioni ni vipuri. Nawajua watu watatu waliorudishiwa pikipiki zao kwa sababu ya traka.

Mkataba

Ndugu K. alichukua pikipiki aina ya Boxer. Kianzio kilikuwa shilingi za Uganda 800,000, kisha 85,000 kila wiki kwa wiki 104. Ukipiga hesabu ni 9,640,000, na dukani wiki ile pikipiki kama hiyo iliuzwa 6,200,000. Hesabu hiyo aliijua. "Tofauti ni bei ya kutokuwa na pesa," aliniambia, na sikuwa na la kumjibu.

Asichokijua ni kurasa 11 za Kiingereza alizozitia saini. K. anasema Kisamia nyumbani, Kiswahili kazini na Luganda ya kubahatisha. Afisa mkopo alimfafanulia kwa Kiswahili mambo mawili tu: siku ya kulipa, na kwamba "ukichelewa tunazima". Uzio wa kwenye ramani, yaani mipaka ambayo pikipiki haitakiwi kuivuka, haukutajwa. Wala hakuambiwa nani ataona safari zake, na kwa muda gani zitahifadhiwa.

Mwenyekiti wa steji ndiye aliyemdhamini.

Yaliyotokea

Kwa wiki 30 hapakuwa na tatizo. Hakuchelewa kulipa hata mara moja, na hilo lishikwe vizuri, kwa sababu yote yaliyofuata hayakutokana na deni.

Wiki ya 31 alikuwa Sofia akimshusha abiria nyuma ya safu ya maduka ya mabati, hatua chache kutoka mpakani. Alipotaka kuondoka pikipiki ikakataa. Akakagua plagi, akakagua mafuta. Baada ya dakika 40 simu ikaita: "Ndugu, umevuka kwenda Kenya bila ruhusa." Alikuwa hajavuka. Setilaiti hukosea kwa mita kadhaa hata mahali pa wazi, na penye kuta na mabati hukosea zaidi. Aliyechora uzio alifuata mstari wa mpaka kama ulivyo kwenye ramani, bila kuacha nafasi ya kosa, katika mji ambao nusu ya kazi ya boda iko kandokando ya mstari huo. K. alitozwa 20,000 "ya kuwasha". Akalipa, arudi kazini. Risiti hakupewa.

Jioni ile pale steji aliwaambia wenzake, "Leo nimezimwa." Ndivyo waendesha boda wanavyosema. Sijawahi kusikia mmoja akisema pikipiki yake imezimwa.

Wiki ya 38 alifiwa na mjomba wake, ndugu wa mama, kijijini ng'ambo ya Tororo. Safari hii alikuwa mwangalifu. Alimpigia afisa mkopo siku moja kabla, akamweleza msiba na njia atakayopita. Afisa akampa pole, akasema sawa. Asubuhi ya mazishi K. alisimama njia panda kununua mikate ya kupeleka matangani, na pikipiki haikuwaka tena. Afisa hakupokea simu. K. aliiacha pikipiki kwa mama mwenye kibanda cha chapati, akapanda boda ya mtu mwingine, akafika watu wameanza kutupia udongo. Tunasema kukopa harusi, kulipa matanga. Huyu alikuwa amelipa, na matanga yenyewe yakawa karibu kumpita.

Pikipiki iliwashwa kesho yake baada ya kulipa 50,000. Safari hii alilipa kupitia namba ya kampuni, ujumbe ukabaki kwenye simu. Ujumbe huo ulikuja kutusaidia.

Wiki ya 44 ndiyo iliyomleta kwetu. Afisa alikuwa amemwandikia mwenyekiti kwa WhatsApp, kama mdhamini, kwamba "mtu wako ana mienendo ya kutiliwa shaka", akaambatisha picha ya ramani yenye vituo vya mwezi mzima. Kulikuwa na nukta mbili, Jumapili mbili mfululizo, saa tatu kila moja, kwenye nyumba moja nje ya mji kuelekea Majanji. Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, aliionyesha picha ile kwa wawili waliokuwa karibu akiuliza kama wanaijua nyumba. Kabla ya magharibi mke wa K. alikuwa ameshaambiwa.

Msomaji atataka kujua K. alikuwa akifanya nini pale. Sitasema. Haikuwa wizi wala haikuwa kuficha pikipiki, na zaidi ya hapo haimhusu mkopeshaji, haimhusu mdhamini, wala haimhusu yeyote anayesoma hapa. Nimeona kwamba kila ninaposimulia kisa hiki swali la kwanza huwa hilo, hata kwa watu wanaojiita watetezi wa haki.

Njia zilizokuwepo, na kwa nini tulichagua tuliyoichagua

Tulikaa watu saba nyuma ya gereji. Wazo la kwanza, na lenye mashabiki wengi, lilikuwa fundi. Kuna fundi anayeruka waya wa swichi kwa 30,000 na kukiacha kijisanduku kikiendelea kutuma mahali ilipo, kana kwamba hakuna kilichoguswa. Wenzake K. wawili walikuwa wamefanya hivyo. Mmoja alikaguliwa ghafla, pikipiki ikachukuliwa akiwa ameshalipa zaidi ya nusu, na mkataba uliipa kampuni haki hiyo waziwazi. K. alikuwa na rekodi safi ya malipo na hiyo ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo. Kuitupa kwa waya mmoja kungekuwa ujinga.

La pili lilikuwa wote wenye mkopo wa kampuni ile wagome kulipa kwa wiki moja. Lilisikika vizuri hadi tulipohesabu: walikuwa wanne pale, na wawili kati yao walikuwa tayari na madeni ya nyuma. La tatu, kuirudisha pikipiki, lilitajwa na kunyamaziwa.

Tukaamua kuandika barua. Hapa ndipo tulipokosea sisi. Barua ya kwanza niliiandika mimi, kwa Kiingereza, hoja kumi, vifungu vya sheria juu ya vifungu, tukaituma kwa anwani ya barua pepe iliyo kwenye mkataba. Wiki tatu zilipita hakuna jibu. Nikijisomea sasa naona niliiandika ili nionekane najua. Na katika wiki hizo tatu hakuna kati yetu aliyekwenda kuzungumza na mke wa K., ingawa yeye alikuwa ameumizwa kuliko wote na hakuwa ametia saini popote.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja, Kiswahili juu, tafsiri ya Kiingereza chini, ikapelekwa kwa mkono kwenye tawi na nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ilidai mambo matatu. Kampuni impe K. nakala ya taarifa zote za safari zake na orodha ya waliopewa. Pikipiki isizimwe na mashine peke yake. Kwanza mtu ampigie simu na kumpa muda. Na taarifa za mahali alipo zisipelekwe kwa mdhamini maadamu hadaiwi.

Tuliegemea Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Inampa mtu haki ya kuona taarifa zake zinazoshikiliwa na wengine, inataka zikusanywe zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa, na ina kipengele ambacho wengi hawakijui: mtu anaweza kwa maandishi kukataa uamuzi unaomwathiri sana kufanywa na mtambo peke yake. Nyuma yake ipo Ibara ya 27 ya Katiba ya 1995 inayolinda faragha. Kwa maoni yangu kile kipengele cha mtambo kiliandikwa kana kwamba mwandishi aliiona pikipiki ile njia panda.

Kikao

Wiki ya 51 meneja wa tawi alituita. Alikuwa mgeni kutoka upande wa Masaka, na alipoiona barua ya Kiswahili aliuliza, nusu kwa mzaha, kama imetoka kambini. Kwao Kiswahili bado ni lugha ya askari, ingawa Katiba inaitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Afisa mkopo ndiye aliyemsomea.

Tulifungua mkataba ukurasa kwa ukurasa, na mambo mawili yakajitokeza. Kuzima kuliruhusiwa pale tu deni linapopita siku saba. Kuhusu uzio, mkataba ulisema mteja "anaweza kuulizwa" akitoka nje ya eneo. Haukutaja kuzima, wala ada ya kuwasha. Nani basi aliamua? Meneja hakujua. Afisa naye, baada ya kimya kirefu, akasema kwamba kuzima hufanywa na mfumo wenyewe, ndivyo ulivyopangwa Kampala kwa matawi yote, na kwamba yeye hana uwezo wa kuwasha. Hutuma ujumbe akasubiri kama sisi. Siku ya mazishi alikuwa na ujumbe wake unaosubiri kujibiwa, na aliona aibu kupokea simu. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba pikipiki yake ya kazi nayo ina traka, na Jumatatu huulizwa alikuwa wapi Jumamosi.

Nilikwenda pale nikimtafuta mwenye swichi. Ndani ya chumba kile hakuwemo.

Mke wa K. alikuwa amekuja. Alikaa kimya hadi mwisho, kisha akamwambia meneja, "Baba, mimi sina neno na deni. Nauliza tu, hiyo ramani yetu, nani mwingine anayo?"

"Mama, hilo tutafuatilia," meneja akasema.

Halijafuatiliwa hadi leo.

Matokeo

Ile 50,000 ilirudishwa kwa kupunguzwa kwenye malipo. Ile 20,000 haikurudi, kwa kuwa hapakuwa na risiti. Uzio ulipanuliwa kufikia Tororo, Bugiri na Namayingo, na upande wa mpaka ukawekwa utoe taarifa badala ya kuzima. Tulipewa kurasa nne za safari, za siku 30 tu. Kwa kutumwa ramani kwa mwenyekiti, K. aliombwa radhi kwa mdomo. Walikataa kuiandika.

Tulimshauri alalamike kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari. Alikataa. Zilikuwa zimebaki wiki 53 za kulipa, na hakutaka jina lake liwe kwenye meza yoyote Kampala. Tuliheshimu, japo nilikasirika.

Mwenyekiti tangu hapo hamdhamini mtu. Vijana wawili wa steji wamekosa pikipiki kwa sababu hiyo, na hiyo ni hasara ambayo hakuna aliyeiweka kwenye hesabu tulipoanza. Nyumbani kwa K. mambo yalichukua muda.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi hakikuwa sheria peke yake. Barua ya kwanza ilikuwa na sheria nyingi zaidi na ikapotea. Ya pili ilifanikiwa kwa sababu ilikuwa na muhuri, iligusa mambo matatu tu, na ilimlazimisha mtu aliyepo kufungua mkataba wake mwenyewe. Kampuni ilikuwa imevunja karatasi yake bila kujua, na rekodi safi ya K. iliwanyima kisingizio cha deni. Mwenye malimbikizo angeshinda? Sidhani, ingawa haki ya faragha haimtoki mtu kwa kuchelewa kulipa.

Tatizo lenyewe naliona hivi. Rehani ya zamani ilikuwa bubu. Ukiweka shamba, shamba halikumwambia mkopeshaji ulilala wapi, na ng'ombe hakukataa kutembea ukimpeleka kwa wajomba. Traka ilikuja kuchukua nafasi ya rehani, lakini ikaja na uwezo uliozidi kazi yake. Kwa kulinda deni inatosha kujua pikipiki ilipo siku mteja anapopotea. Kujua ilipo kila dakika, kuhifadhi mwezi mzima, kuita safari za mtu "mienendo", kumpelekea mwenyekiti, hakuna hata moja kati ya hayo linalolinda shilingi. Yalifanyika kwa kuwa yaliwezekana, na kwa kuwa hayamgharimu kitu anayeyafanya. Hakuna kikao Kampala kilichokaa kuamua K. akose mazishi. Mtu alichora mstari, mwingine akaweka alama kwenye kisanduku cha "zima", wa tatu akaajiriwa kupokea simu bila kupewa kitufe.

Watu wa hapa si wageni wa kuzimwa. Siku ya uchaguzi, Februari 2016, mitandao ya kijamii na pesa za simu vilifungwa. Julai 2018 ikaja kodi ya shilingi 200 kwa siku ili uingie WhatsApp na Facebook. Januari 2021 intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa za uchaguzi. Novemba 2023 serikali ilizindua namba za magari zenye kifaa cha kufuatilia chombo. Pale gereji mambo haya yalitajwa kwa pumzi moja na swichi ya kampuni, na nilijaribu kuwaeleza kwamba serikali na mkopeshaji ni vitu viwili: kwa mkopeshaji ulitia saini. Mzee mmoja akaniuliza kama K. alikuwa na namna ya kutotia. Bado naamini tofauti ipo, kwa sababu mkataba unaweza kufunguliwa mezani na tuliufungua. Lakini saini ya mtu juu ya kurasa 11 za lugha asiyoisoma, mbele ya pikipiki aliyoitamani miaka mitatu, sitaiita ridhaa bila kusita.

Upande wa jamii tusijifiche. Ramani ilitoka ofisini ikiwa imemfikia mtu mmoja, na ni sisi wa steji tulioifikisha nyumbani kwake. Kampuni ilifungua dirisha, tukajipanga foleni kuchungulia. Siku ya kikao tulikuwa na madai matatu kwa kampuni na hakuna hata moja kwa wenyewe kwa wenyewe. Sasa steji ile ina kanuni: anayetumiwa mahali alipo mwenzake anamwonyesha mwenyewe kwanza, kisha anafuta. Imevunjwa mara moja ninayoijua.

Tungefanya nini tofauti? Tungeenda kwa mke siku ya kwanza. Tungedai risiti ya ile 20,000 hata kwa kuiandika nyuma ya kadi ya simu na kupata saini. Tungeomba taarifa za safari kabla ya kulalamika, kwa sababu zile za mwezi wa mazishi zilikuwa zimeshapita siku 30 tulipoziomba. Na mkataba tungeusoma kabla sijaandika hoja kumi. Jibu lilikuwa ukurasa wa saba tangu mwanzo.

Hali ilivyo sasa

Zimebaki wiki 22. Haijazimwa tena, ingawa K. akifika nyuma ya yale maduka ya mabati Sofia huacha injini ikinguruma huku akimshusha abiria. Mkataba unasema malipo yakiisha kifaa kitaondolewa "kwa ombi la mteja", na kwamba bila ombi kitaendelea kufanya kazi. Barua ya ombi tumeshaiandika, Kiswahili juu, Kiingereza chini. Iko kwenye bahasha kabatini kwa mke wake, na nafasi ya tarehe tumeiacha wazi.